Tiketi Nne na Binti Asiyetaka Kwenda

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa na uchungu ambao wengine wataucheka, maana hakuna aliyekufa wala aliyeugua. Mwaka 2009, nikiwa nimeolewa miezi michache tu, mimi na mume wangu tulikaa mbele ya televisheni tukamwona kijana wa Norway, Alexander Rybak, akiimba na fidla mkononi, akalibeba shindano la nyimbo la Eurovision. Tangu usiku ule huyo ndiye mwimbaji wa nyumba yetu. Binti yetu alizaliwa mwaka uliofuata, akakua na nyimbo zake. Mdogo wake, ambaye sasa ana miaka 9, aliujua wimbo ule kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Jumamosi jioni tunakaa wanne, tunaweka nyimbo zake, na kila mtu ana kipande chake cha kuimba.

Mwaka 2018 Rybak alirudi kwenye shindano lilipofanyika Lisbon, akashika nafasi ya 15. Binti alikuwa na miaka 8. Alilia mpaka usingizi ukamchukua, na wiki hiyohiyo akaomba fidla. Tulijinyima tukamnunulia, tukamtafutia mwalimu, na leo ana miaka 15 na anapiga vizuri mno. Kila mgeni anayeingia kwetu, tunamwomba binti ampigie ule wimbo wa 2009. Baba yake humtia moyo kwa kumkumbusha kwamba Rybak alianza akiwa na miaka mitano.

Miezi miwili iliyopita tulipata tiketi nne za onyesho la Rybak, baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu. Nilipoziweka mezani yule mdogo aliruka kwa furaha. Binti akasema, "Mimi siendi. Nimemchoka." Wiki moja baadaye tulikuwa tunaitazama tena video ya 2009, akasema, "Lakini hapo fidla haipigwi, huo ni muziki uliorekodiwa." Baba yake akamwambia ana dharau. Binti akainuka, akaondoka, na tangu hapo Jumamosi hakai nasi. Juzi nikipanga nguo zake nimeikuta picha ya Rybak iliyokuwa juu ya kitanda chake. Imekunjwa, imewekwa chini kabisa kwenye droo. Nililia, Shangazi.

Mume wangu anasema sisi ni familia moja na tutakwenda wote wanne, apende asipende. Mimi sijui. Nimlazimishe? Tiketi yake nimpe mtu mwingine? Na tumekosea wapi, hata kilichotuunganisha kikawa ndicho kinachotutenga?

Mama wa Tiketi Nne

Marahaba, mwanangu.

Uchungu wako siucheki, wala siuoni mdogo. Nyumba iliyozoea sauti nne ikibaki na tatu, kila Jumamosi mnafika kwenye kipande cha binti yenu na hakuna wa kukiimba. Hilo linauma, na linauma zaidi kwa kuwa mwenye kipande yuko chumba cha pili, mzima, anawasikia.

Nikujibu la tiketi kwanza, usije ukasoma haya yote roho ikiwa juu. Usimlazimishe. Na tiketi yake usimpe mtu mwingine, si sasa. Barua yako nimeisoma mara nne, na kuna mambo humo nadhani uliyaandika bila kuyaona. Ndiyo ninayotaka kukurudishia.

Nianze na hilo neno dharau, kwa sababu ndilo lililomtoa sebuleni.

Binti yako alisema kweli. Katika Eurovision, sauti ya mwimbaji lazima itoke hapohapo jukwaani, lakini ala huwa zimerekodiwa kabla. Okestra haijakuwepo tangu shindano la 1999, na utaratibu huo unamhusu kila anayepanda jukwaani, awe ametoka nchi gani. Kwa hiyo usiku ule wa Mei 16, 2009, kule Moscow, sauti mliyoisikia ikitoka kooni kwa Rybak ilikuwa ya papo hapo, na fidla mliyoisikia ilikuwa imeshapigwa na kuhifadhiwa. Hakuna aliyemdanganya mtu. Rybak ni mpiga fidla hasa, mtoto wa baba mpiga fidla na mama mpiga piano, na wimbo ule aliutunga mwenyewe, maneno na muziki. Alishinda kwa pointi 387, idadi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia kabla yake, na haikupitwa mpaka utaratibu wa kutoa pointi ulipobadilishwa mwaka 2016. Alichokisema binti hakiondoi hata pointi moja kati ya hizo.

Lakini mtu aliyeshika upinde kwa miaka saba hawezi tena kuitazama video ile kama unavyoitazama wewe. Jicho lake linakwenda kwenye mkono wa kulia. Upinde unaugusa uzi mahali gani, unavutwa kwa urefu gani, unachokiona na unachokisikia vinakwenda pamoja au kila kimoja kina njia yake. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Fundi cherehani akipishana na mtu njiani huona mshono kabla hajaona rangi ya nguo. Binti yako aliona jambo la kifundi, akalileta sebuleni kwa watu anaowapenda, kama alivyokuwa akiwaletea alichookota alipokuwa mdogo. Akaambiwa ana dharau. Jioni ile alifundishwa kwamba mbele yenu kuna namna moja tu ya kumpenda Rybak, nayo ni ile yenu.

Sasa soma tena miaka uliyoniandikia.

Wewe na mume wako mlimpenda mwaka 2009, usiku alioshinda. Mlikuwa maharusi wapya, dunia ilikuwa inafunguka, na kijana mwenye uso wa furaha akawaimbia juu ya mapenzi. Kumbukumbu hiyo ni yenu wawili na ni nzuri, ihifadhini. Binti yako hakuwemo. Kumbukumbu yake yeye ni ya 2018. Aliyemwona yeye ni mtu aliyesifiwa nyumbani tangu siku anazaliwa, ambaye ameshindwa mbele ya Ulaya nzima, na hata hivyo yuko pale na fidla yake. Mtoto wa miaka 8 akalia, akalala, akaamka, na kabla wiki haijaisha akaomba chombo kama kile. Wewe umeyaandika haya kwa mistari mitatu ukaendelea mbele. Mimi nilisimama hapo muda mrefu.

Maana yake, mwanangu, ni kwamba mapenzi ya binti yako hayakurithiwa kwenu. Aliyapata mwenyewe, siku ambayo hapakuwa na cha kushangilia. Akachukua fidla kwa ajili ya mtu wa nafasi ya 15. Ninyi mkamwomba kila siku awapigie wimbo wa aliyeshinda.

Ndiyo maana swali lako la "tumekosea wapi" nalijibu kwa kuangalia wageni wenu. Umeandika "kila mgeni." Hebu ihesabu miaka hiyo, uwahesabu na wageni. Fidla ina nyuzi nne na shingo yake haina vigawanyo kama vya gitaa. Kidole kikikosea kwa unene wa ukucha, sauti imekwisha kuharibika, na aliye karibu zaidi na kosa hilo ni mpigaji mwenyewe, kwa sababu chombo kiko chini ya sikio lake la kushoto na mtetemo wake unapita kwenye mfupa wa taya. Binti yako anasikia makosa yake kwa ukali kuliko mgeni yeyote. Na mgeni naye hamsikilizi binti. Kichwani ana Rybak, anapima umbali uliopo kati ya wawili hao. Kisha anasema "hongera, karibu utamfikia," na ninyi mnafurahi, na yeye anarudisha fidla kwenye mkoba wake akijua ni wapi aliteleza.

Halafu kuna hilo la miaka mitano. Ni kweli Rybak alianza fidla na piano akiwa na miaka 5. Lakini alianza katika nyumba ambayo muziki ulikuwa kazi ya baba na mama, ambapo mtoto akiteleza kuna mtu chumba cha pili anayejua ameteleza nini na kwa nini. Binti yako alianza na miaka 8 katika nyumba ya watu wanaopenda kusikiliza. Hiyo ni nyumba nzuri ya kukulia, sina neno nayo. Ila mume wako anapotaja miaka mitano akidhani anamtia moyo, mtoto anasikia kwamba alichelewa miaka mitatu ambayo hataipata tena. Hakuna mazoezi yanayoweza kurudisha miaka mitatu. Naomba maneno hayo yasitamkwe tena nyumbani kwenu.

Nami niliwahi kuwa mtoto wa kuitwa mbele ya wageni. Nilikuwa na sauti, na mama alikuwa na wimbo mmoja alioupenda kuliko vyote. Mlango ukibishwa nilikuwa najua kabla hajaniita. Sikuuchukia wimbo mara moja. Kwanza nilianza kuuimba haraka ili uishe, halafu nikawa nauimba bila kuusikia, halafu siku moja nikasema nina mafua, na mafua yale yakadumu miaka. Mama alidhani nimepoteza sauti. Aliponiuliza, nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, na tulilia wote wawili jikoni kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa amemkusudia mwenzake vibaya. Nakusimulia haya ili ujue kwamba binti yako, aliyesema "nimemchoka" akiwa na miaka 15, amewatendea wema ambao mimi sikumtendea mama yangu. Amelisema mapema, kwa sauti, mezani.

Inawezekana pia kwamba hakuna fumbo lolote na kweli amemchoka. Watoto hukua, masikio yao huhama. Huenda sasa anasikiliza watu ambao wewe ukiwasikia utaomba wapunguzwe sauti. Hilo likiwa ndilo jibu, lipokee. Miaka aliyokaa nanyi Jumamosi haifutiki kwa kuwa hataki kukaa mwaka huu.

Basi nenda kwa mume wako kwanza, kabla ya binti. Usimwendee kama mshitaki. Anachokipigania ni ile picha ya wanne kwenye viti vinne, nami namwelewa, mtu akiweka akiba kwa muda mrefu huwa ameshakaa kwenye kiti hicho mara nyingi usiku kabla ya kulala. Mweleze utaratibu wa Eurovision kama nilivyokueleza. Mwambie mtoto alikuwa sahihi. Kisha mwombe afanye jambo moja ambalo hakuna mwingine wa kulifanya kwa niaba yake: aende kwa binti yake amwambie, "Ulisema kweli kuhusu fidla, nami nikakuita una dharau. Nisamehe." Aishie hapo. Asiongeze habari ya tiketi, asiongeze "lakini na wewe." Baba akiomba radhi kisha akadai kitu papo hapo, mtoto husikia kile kinachodaiwa.

Wewe zamu yako ije baadaye, siku nyingine, na mkiwa na kazi mikononi, mnakunja nguo au mnaosha vyombo, ili asilazimike kukutazama usoni. Muulize kuhusu 2018. Mwambie unakumbuka alivyolia, na kwamba hukuwahi kumuuliza alikuwa analilia nini. Kisha nyamaza, na ukimya ukirefuka usiujaze. Akisema hakumbuki, sema sawa, endelea na vyombo. Akikueleza, msikilize mpaka mwisho na usimgeuzie habari hiyo kuwa sababu ya kwenda kwenye onyesho. Najua utatamani. Ukifanya hivyo mara moja tu, ataona kwamba hata swali lako zuri lilikuwa na ndoana ndani.

Picha uliyoikuta kwenye droo usiirudishe ukutani, wala usimwambie umeiona. Mtu aliyekusudia kuitupa angeichana. Yeye ameikunja akaifunika kwa nguo. Hapo alipoiweka ni pake.

Na habari ya wageni iishe. Usimtangazie binti kwamba umeifuta, maana tangazo nalo ni mzigo. Mgeni akija na kuuliza "yule mpiga fidla wetu yuko wapi," jibu wewe, haraka, kabla macho hayajamgeukia: leo anapumzika. Utashangaa jinsi mabega yake yatakavyoshuka. Akitaka kupiga atapiga, mlango wa chumba chake ukiwa umefungwa, na huenda mtasikia vitu ambavyo hamjawahi kuvisikia kwenye fidla ile. Msibishe hodi kusifu.

Jumamosi ziendelee, tafadhali. Usizifute kwa ajili yake, atajiona ndiye aliyeizima furaha ya mdogo wake. Huyo wa miaka 9 naye mwangalie vizuri, kwa kuwa anajifunza kwa kutazama. Kipande cha dada yake kisigawiwe kwake. Kiacheni wazi, ala zipite peke yake mpaka zamu ya anayefuata. Na katika hizo Jumamosi ongezeni kitu kipya cha kufanya pamoja na muziki. Mtazameni mtu yeyote anayeimba na kupiga fidla, mkiangalia kidevu chake. Fidla hushikiliwa kati ya kidevu na bega, na mwimbaji anahitaji taya lililo huru, kwa hiyo kazi hizo mbili zinagombania kiungo kimoja. Wengi huishusha fidla wanapoimba na kuipandisha sauti inapopumzika, na ndiyo sababu katika nyimbo nyingi za namna hii fidla haitembei sambamba na sauti, bali huijibu. Muimbe mkilijua hilo. Binti akipita kuchukua maji akawasikia mnabishana juu ya kidevu na upinde, atajua mlango wake wa kuingilia upo tena, na safari hii kuna wanaotaka kusikia anachokiona.

Sasa la onyesho. Jukwaani kwenye onyesho la Rybak mwenyewe, kanuni ile ya Eurovision haipo. Hapo upinde unakwangua uzi kweli, nywele za upinde zinakatika na kuning'inia, na anayejua fidla anaona mambo ambayo ninyi watatu mtayapita mkipiga makofi. Ukumbi mzima utakuwa na watu wachache wanaosikia kama binti yako. Hilo analijua kuliko mimi na wewe, halihitaji kuambiwa. Kumwambia kutakuwa kumbembeleza, na kubembelezwa kwa kitu alichokikataa hadharani kutamfunga kwenye kukataa kwake. Mwachie nafasi ya kubadili mawazo bila mtu kumwona akibadili.

Mwambie mara moja tu, siku chache kabla, mume wako akiwepo na akiwa amekubali: "Tiketi yako ipo. Ukija, njoo. Usipokuja, hakuna atakayekuuliza." Na mlishike neno hilo. Asipokuja, mkirudi msimsimulie isipokuwa akiuliza, na mdogo wake mwambieni hivyo mapema, maana furaha ya mtoto wa miaka 9 haijui kunong'ona. Msimletee zawadi ya kumtia huruma. Akija, msimtazame usoni fidla inapoanza. Najua utataka kuona kama ametabasamu. Tazama jukwaani, mwanangu, kwa ajili yake na kwa ajili yako. Umemngoja mtu huyu tangu ukiwa bibi harusi, na ile jioni ni yako pia.

Kiti chake kikibaki kitupu, wekeni makoti yenu hapo. Ndugu, jirani au rafiki wa mume wako akisikia kuna nafasi na kuiomba, mwambie ina mwenyewe. Mpaka taa za ukumbini zizimwe, tiketi ile ni ya binti yako.